Kulala Kariakoo kwa bei ya kawaida: chagua saa na mtaa kwanza, loji itafuata

Kirikuu_Makambako (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Haipiti wiki humu bila mtu kuuliza "naombeni loji nzuri ya bei poa Kariakoo, naingia Dar kesho". Majibu ni yale yale. Wa kwanza anataja jina, wa pili anasema pale kunguni wamepanga, wa tatu anasema siku hizi pamekarabatiwa, wa nne anataka kujua kama muuliza swali ni mwanamke. Jamaa anashuka Mbezi usiku simu ikiwa na asilimia sita na jibu hana.

Mimi majina sitaji. Loji hubadilisha msimamizi, magodoro huchoka, pampu hufa, na pale ulipopasifia mwaka jana leo huwezi kumpeleka mgeni wako. Nataka tuongelee namna ya kuchagua, maana Kariakoo chumba kizuri na chumba cha hovyo vinaweza kuwa kwenye korido moja, kwa bei moja. Nafuata mzigo wa duka huko mara kwa mara, nalala usiku mmoja au miwili, narudi zangu Njombe. Mwenye shughuli tofauti atajazia.

Wengi huanza na bei. Mimi naanza na saa.

Loji karibu zote hesabu ya siku inaishia saa 4 asubuhi. Zamani haikuwa shida, tulikuwa tunafika jioni. Tangu serikali iruhusu mabasi kutembea usiku mwaka 2023, watu wa Mbeya, Songea na Kahama tunaangushwa Stendi ya Magufuli, pale Mbezi, saa 8, saa 9 usiku. Ukipanda bodaboda saa hiyo hadi Kariakoo, unalipa chumba 30,000, unajitupa kitandani saa 10 alfajiri, halafu saa 4 mlango unagongwa: "Kaka, unaongeza siku?" Umelipa hela ya usiku mzima kwa usingizi wa kuazima.

Kwa hiyo siku moja kabla ya safari piga simu, na kabla ya bei uliza hivi: "Nikiingia saa 12 asubuhi mnanihesabia siku gani?" Wapo watakaokuambia siku ya jana. Wapo watakaosema chumba kikiwa wazi unaingia, na unatoka kesho yake saa 4. Hao wa pili hata wakikuzidishia 5,000 bado ni rahisi. Wapo pia wa katikati: chumba bado, lakini begi acha mapokezi, oga bafu la nje, nenda sokoni, rudi saa 6. Hiyo nayo naipokea. Huku nyuma, hayo masaa ya usiku yamalizie pale pale stendi, kwenye taa na watu, upande ule wa ndani, begi limekukalia mapajani. Usimfuate anayekwambia ana chumba hapo jirani.

Na kutoka ni hivyo hivyo. Basi lako ni la saa 1 usiku, chumba unakirudisha saa 4 asubuhi, katikati hapo mizigo inakaa wapi? Uliza kama wana stoo, nani ana ufunguo, na kama wanaandika. Mwenye maroba makubwa asihangaike kulala nayo. Peleka moja kwa moja kwenye magodauni ya wasafirishaji, chukua risiti, ulale na begi la nguo tu. Nimeona watu wanakodi chumba cha vitanda viwili ili kimoja kilale vitenge.

Sasa mtaa. Kariakoo si mahali pamoja. Anayefuata simu na vifaa vyake atazunguka Aggrey, wa khanga na vitenge Uhuru, wa nguo za rejareja Congo. Mtaa wa Congo mchana bajaji haipiti, machinga wamejaa hadi katikati ya njia, kwa hiyo loji iliyoko katikati yake maana yake unabeba mwenyewe kichwani au unamlipa mkokoteni. Upande wa Lumumba na Mnazi Mmoja unafaa kwa anayekuja na treni ya SGR au anayepanda boti ya Zanzibar kesho yake. Upande wa Gerezani unafaa kwa anayetegemea mabasi ya mwendokasi, kituo kikuu kiko pale.

Najua kuna watakaosema lala Manzese au Sinza, bei ni nusu. Sawa, lakini hesabu vizuri. Unaokoa 10,000 kwenye chumba, unaitumia kwenye usafiri wa kwenda na kurudi, na ukinunua kitu kizito cha ghafla huna pa kukitua. Halafu kuna Jangwani. Masika ikikolea, Mto Msimbazi unapanda, barabara ya Morogoro inafungwa pale bondeni na mwendokasi inaishia Magomeni. Ukiwa umelala ng'ambo ile, duka unalolitaka utaliona kwenye ramani. Machi hadi Mei kama kazi yako ni Kariakoo, lala Kariakoo.

Bei kwa nilivyozoea kulipa: chumba cha choo cha nje 15,000 kinapatikana ukitafuta, chenye choo ndani na feni 25,000 hadi 35,000, chenye AC kuanzia 40,000 kwenda juu. Ukiambiwa chini sana ya hapo, uliza kuna nini. Ukitajiwa dola, cheka tu, tangu 2025 kanuni haziruhusu kutangaza bei ya ndani kwa fedha za kigeni.

Umefika. Hela isitoke mfukoni kabla hujapanda kuona chumba. Mhudumu atasema "vyumba vyote vinafanana". Havifanani.

Ukiingia, mkague kunguni kwanza. Usiangalie katikati ya kitanda, katikati ndiko kunakofuliwa. Funua shuka kona ya kichwani, washa tochi ya simu, tazama mshono wa godoro unavyozunguka, halafu pale ubao wa kitanda unapokutana na ukuta. Vidoa vyeusi vidogo kama mtu kagusisha ncha ya kalamu ya wino, au vigamba vikavu vya kahawia, toka. Usibishane, sema tu naomba chumba kingine, na kisiwe kinachopakana na hicho, maana hupita kwenye nyufa. Harufu kali ya dawa ya wadudu mchana wa saa 7 nayo ina maelezo yake.

Bafuni fungua bomba la mvua, si la sinki. La sinki hutoka hata presha ikiwa haba. Ukikuta pipa na kopo usichukie, ni watu wanaojua maji hukatika na wamejipanga. Hita yenye nyaya zilizofungwa selotepu iache ilivyo, Dar hakuna anayekufa kwa maji baridi. Washa feni hadi namba ya mwisho uisikilize. Kama kuna AC, uliza rimoti iko wapi, maana kuna sehemu inakaa mapokezi na kuichukua ni hela nyingine. Uliza pia jenereta inabeba nini: kwingi inabeba taa za korido tu, AC inalala.

Mlango: kitasa peke yake hakitoshi, nataka komeo la ndani linaloingia sawasawa. Dirisha: fungua pazia kabisa. Vyumba vingi vya Kariakoo dirisha linatazama ukuta wa jirani au korido, na hapo ndipo joto la usiku linapokaa. Chumba cha nyuma kisicho na mandhari yoyote ila kina upepo nakichukua kuliko cha mbele kinachotazama Mtaa wa Msimbazi.

Na jingine ambalo sikuwa naliangalia zamani: baada ya lile ghorofa kuporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu, nikikuta jengo linachimbwa au kubomolewa chini huku juu watu wamelala, napita. Natazama pia ngazi. Kama ngazi ni moja na imejaa maboksi, napita vile vile.

Mapokezi kuna kitabu cha wageni. Jina, utokako, uendako, namba ya kitambulisho. Njoo na NIDA, leseni au kadi ya mpiga kura, si picha yake kwenye simu iliyozimika. Ukutani utasoma "Uongozi hautahusika na upotevu wa mali isiyokabidhiwa mapokezi". Maana yake ukikabidhi, iandikwe ni kiasi gani na usaini. Lakini ushauri wangu hela ya mzigo usiitembeze taslimu kabisa. Iache benki au kwenye simu, lipa kwa Lipa Namba dukani, toa kidogo kidogo.

Kwenye begi langu hakikosekani kufuli dogo, kandambili, khanga mbili, moja ya kujifunika na moja ya kuning'iniza dirishani, na ekstensheni fupi, kwa sababu soketi huwa moja na iko nyuma ya kabati.

Karibuni mjazie.

mama_vitenge

Mkuu umetiririka ila umeandika kiume. Sisi tunaosafiri peke yetu kuna mengine.

Mimi sikai chumba cha chini wala cha mwisho wa korido. Nataka ghorofa ya kwanza au ya pili, karibu na ngazi, ambapo nikipiga kelele mapokezi wanasikia. Mhudumu akitaja namba ya chumba changu kwa sauti mbele ya watu, naomba kingine. Hata kama ananiona nina maringo. Na nikipanda juu simwachi kijana wa mizigo aingie, anaweka mlangoni, namlipa, anashuka.

Pili, uliza sera yao kabla. Kariakoo kuna loji hazipokei mwanamume na mwanamke bila cheti cha ndoa, hazitaki pombe, na saa 5 usiku geti linafungwa. Wengine wanaona ushamba. Mimi ndizo ninazozitafuta. Zile zinazokodisha kwa masaa, milango inagongwa usiku kucha na shuka sijui limebadilishwa mara ngapi. Utazijua kwa swali la kwanza la mapokezi: wakikuuliza "wa kulala au wa kupumzika?", geuka.

Natokea Dodoma na SGR, hayo mambo ya kukesha stendi yamenipita. Treni ya jioni inanifikisha usiku wa watu bado wako macho, nachukua bajaji, dakika chache niko ndani.

Mjukuu_wa_Sinza

Mnajitesa. Sinza chumba cha AC bei hiyo hiyo ya feni ya Kariakoo, chakula kila kona, mabasi mengi yana ofisi Shekilango, unapandia pale pale. Kariakoo mtu unalala na honi.

Kirikuu_Makambako

@Mjukuu_wa_Sinza sikatai, kwa anayekuja Dar kwa usaili, harusi au kuona ndugu, Sinza ni pazuri. Lakini usiseme kimya. Ijumaa na Jumamosi baa za huko zinapiga hadi alfajiri, honi ya Kariakoo angalau usiku wa manane inapungua. Mchana uliza hivi: "spika ya jirani iko upande gani?"

Kariakoo nayo ina siku zake. Yanga na Simba zote nyumba zao ziko humu humu, Jangwani na Msimbazi. Siku ya dabi hata kama mechi ni kwa Mkapa, timu yoyote itakayoshinda wewe hulali.

Msafiri_wa_Kigoma

Wakuu samahani kuingilia. Mimi si wa mzigo. Nampeleka mama hospitali ya saratani ya Ocean Road kuanza mionzi, tumeambiwa ni wiki kadhaa, Jumatatu hadi Ijumaa. Hizo bei za 30,000 kwa siku sitaweza. Na mama ngazi hapandi. Mnanishauri nini?

Binti_Upanga

Pole sana kaka, Mungu amjalie mama.

Kwa mionzi ya wiki kadhaa loji usiifikirie zaidi ya siku mbili tatu za mwanzo. Siku ya kwanza hospitali nenda ofisi ya ustawi wa jamii, waeleze mmetoka mbali na hamna ndugu Dar. Wao ndio wanaojua wagonjwa wa mikoani huwa wanafikia wapi, na wanajua nyumba zilizozoea wagonjwa. Usione aibu, kazi yao ni hiyo.

Ikishindikana, tafuta chumba cha kupanga kwa mwezi, chini, Ilala au Magomeni, kwenye nyumba yenye familia. Dalali atakutaka kodi ya miezi mitatu au sita, mweleze ukweli kwamba ni mgonjwa, wapo wenye nyumba wanaokubali mwezi mwezi. Kwa mama angalia vitu vitatu tu: choo cha kukaa au mahali pa kushika, maji ya uhakika, na umbali wa kutembea hadi kwenye lami. Mengine mtavumilia. Mionzi inachosha, mtu akirudi anataka kulala, kwa hiyo chumba cha giza kidogo na feni nzuri ni bora kuliko kikubwa chenye jua la mchana.

Siku hizo za mwanzo usifikie Kariakoo katikati. Upanga ni karibu na tulivu, bei imepanda kidogo ila utaokoa teksi.

Msafiri_wa_Kigoma

Ahsante sana dada. Nimeandika yote.

Wa_Kongowea

Salamu kutoka Mombasa. Mimi huja kununua vitenge huko, napitia Lungalunga hadi Tanga kisha Dar. Nyongeza kwa Wakenya: kipande chako cha Kenya pekee hakitakutosha, beba pasipoti au ile hati ya muda ya kusafiria, loji wataiuliza na wataiandika. Na msishtuke, kwenye kitabu cha wageni cha loji fulani niliona safu ya KABILA. Kwetu ukimwuliza mgeni hivyo mapokezi mtagombana. Nikauliza niandike nini, yule dada akaniambia "andika Mkenya", akaendelea kula muhogo.

mama_vitenge

@Wa_Kongowea 😂😂 sisi tunaandika tu, hata hatusomi.

Kijiwe_cha_Fire

Tahadhari ya utapeli. Kuna picha za vyumba zinazunguka Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, kitanda cheupe, taulo zimekunjwa bata, bei 20,000 "Kariakoo karibu na soko". Ukipiga simu unaambiwa vyumba vimebaki viwili, tuma nusu ya kushikia. Unatuma, ukifika mtaa upo, loji haipo.

Kama ni lazima ulipe kabla, lipa kwa Lipa Namba, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Likija jina la biashara linalofanana na bango, sawa. Likija jina la mtu binafsi, kata. Pia waombe wakupigie video ya chumba muda huo huo, dakika moja tu, waanzie mapokezi wapande ngazi. Tapeli hapo ndipo mtandao wake unapoanza kusumbua.

Na kwenye ramani ya Google msisome nyota, someni maoni ya miezi ya karibuni, hasa yale ya watu waliokasirika. Akilalamikia sauti ya adhana, hiyo ni Kariakoo, misikiti iko kila mtaa. Watatu wakilalamikia kitu kimoja, mfano maji au wizi wa chaja, amini.

Mapokezi_Usiku

Nimesoma uzi wote nikiwa zamu. Mimi niko mapokezi ya loji, sitasema ipi, ila mengi mmesema kweli. Niwape upande wa pili wa kaunta.

Muda mzuri wa kupata chumba kizuri ni kati ya saa 5 na saa 7 mchana. Watu wametoka, vyumba vinasafishwa, una uwezo wa kuchagua. Ukija saa 2 usiku nakupa kilichobaki, na kilichobaki kina sababu. Punguzo msiombe kwa usiku mmoja, sina mamlaka hayo. Sema unakaa siku tatu na unalipa zote leo, hapo naweza kumpigia bosi. Jumapili ndiyo siku vyumba viko wazi, maduka mengi yamefungwa. Wiki za mwisho kabla ya Idi na Desemba yote kabla ya Krismasi msije bila kupiga simu, wafanyabiashara wa mikoani, Wakongo, Wazambia na Wakomoro wanajaza. Mwanzoni mwa Julai, wakati wa maonyesho ya Sabasaba, hivyo hivyo.

Rimoti ya AC inakaa kwangu kwa sababu zinaibiwa, na wageni wanaacha AC imewaka wakienda sokoni kutwa. Umeme ni wa LUKU, bosi anaangalia yuniti kila asubuhi. Mkiniambia kwa upole mna mtoto au mgonjwa, nawapa bila maneno.

Maji: tangi liko juu, pampu inatumia umeme. Ukiona umeme umekatika zaidi ya masaa mawili, jaza ndoo mapema, usisubiri kuoga saa 11 alfajiri pamoja na ghorofa nzima.

Chumba ukiona kina tatizo, shuka uniambie ndani ya nusu saa ya kwanza kabla hujalala kitandani. Nitakuhamisha. Ukiniambia asubuhi unataka hela yako, siwezi, na mimi ndiye nitakayekatwa.

Kirikuu_Makambako

@Mapokezi_Usiku wewe ndiye tuliyekuwa tunakusubiri. Swali moja: mgeni akifika saa 11 alfajiri kwenu mnamhesabiaje?

Mapokezi_Usiku

Kwetu kabla ya saa 12 ni siku ya jana. Saa 12 kamili na kuendelea ni ya leo, kama chumba kipo. Ukifika saa 11 na nusu nakuwekea kiti hapo mapokezi, unachaji simu, tunasubiri wote. Wenzetu wa jirani wao mpaka saa 2. Ndiyo maana simu ni muhimu.

Mjukuu_wa_Sinza

Haya nimekubali kidogo. Wi-Fi ipo?

Mapokezi_Usiku

Ipo mapokezi. Ukipanda ghorofa ya pili nunua bando.